Kinachokula Chaji

Asubuhi ile ya Alhamisi Mzee Filipo alizungusha ufunguo, gari likasema "tk", basi. Halikukohoa, halikuguna. Akazungusha tena, na safari hii hata hiyo tk haikutoka. Mtaa mzima wa Kizota, ambao siku hizi uliamka ili kusikiliza kama gari la Mzee Filipo litawaka, ukajua kwamba betri imelala tena.

"Imelala!" akatangaza jirani yao Tereza kutoka upande wa pili wa ukuta, wala hakuna aliyemwuliza.

Jikoni Paulina, mke wa Mzee Filipo, alikuwa anakoroga uji. Aliisikia ile tk, akakisikia na kimya kilichofuata, halafu mlango wa gari ukibamizwa. Akaepua sufuria, akajiweka tayari kwa maneno aliyokwisha kuyajua kwa moyo.

"Mama Abeli! Umeacha taa tena!"

"Sijaingia kwenye gari lako tangu Jumapili."

"Basi uliiacha Jumapili!"

Mzee alisema hayo kwa sauti ya kufika barabarani, maana nyingine hakuwa nayo. Kuendesha malori tangu ujana mpaka mvi kulikuwa kumemwachia masikio ambayo ukiyanong'oneza unapoteza muda wako. Mwenyewe hakukubali hata kidogo. Alidai kwamba watu wa siku hizi wanamung'unya maneno.

Sasa, gari lenyewe halikuwa gari la hivi hivi. Lilikuwa jeupe, refu, na ndani yake mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, friji ndogo, sinki yenye bomba, na chini ya kitanda tangi la maji na pampu ya kuyavuta. Wazungu wawili wa makamo walikuwa wakisafiri nalo kutoka kusini kwenda kaskazini. Walipofika Dodoma mgongo wa bwana ukagoma, wakaamua kurudi kwao kwa ndege. Mzee Filipo, aliyekuwa ndiyo kwanza amestaafu, akalinunua kwa kiinua mgongo chake, na watu wakacheka kwamba mgongo mmoja umeinuliwa na mwingine umelazwa. Mtaani waliliita nyumba yenye matairi. Yeye aliliita gari la kulala, kwa heshima zote.

Alilinunua kwa sababu ya ahadi. Miaka yote aliyobeba mizigo kwenda Arusha na Namanga, Paulina alikuwa muuguzi wa zahanati, anashika zamu, analea watoto, na nusu ya vijana wa Kizota wamepokewa na mikono yake. Mume alipita kila mahali, mke hakuwahi kuvuka Haneti kuelekea kaskazini. Na kila Filipo aliporudi alikuwa na habari ya Kolo. Kule juu kwenye miamba, alisema, kuna michoro ya watu wa zamani sana, twiga na watu wembamba wenye nywele kubwa. Yeye mwenyewe hajaiona, amekiona kibao tu kando ya barabara, kwa sababu mzigo wa watu haupandi milima kuangalia twiga. "Nikistaafu nitakupeleka," alikuwa akimwambia. "Tutalala huko huko ndani ya gari letu. Asubuhi unafungua dirisha, unaona milima."

Paulina aliamini. Ni mwanamke ambaye hakuwa na kawaida ya kuamini vitu ovyo, lakini hilo aliliamini, na begi lake lilikuwa limekaa nyuma ya mlango tangu siku gari lilipoingia uani.

Ila kila walipopanga kuondoka, asubuhi betri ililala. Kizota ni mahali pa gereji na karakana, kila mwenye ovaroli ana maoni, na hata wasio na ovaroli wana maoni. Mmoja akasema ni alteneta, mwingine stata, mwingine akasema magari ya wazungu hayapendi vumbi. Betri mpya ikanunuliwa. Ikakaa vizuri mpaka jioni, ikaamka imelala, kama mnaweza kunielewa.

Mzee aliingia jikoni, akavuta kiti, hakukigusa kikombe cha uji.

"Nimeuza," alisema.

"Umeuza nini?"

"Gari. Yotham analichukua Jumamosi. Atalikokota."

Yotham alikuwa Mgogo mwenzao, mfuga kuku wa mtaa wa nyuma, mtu mwema, mwenye kuku wengi kuliko mabanda.

"Yotham anataka kusafiri?"

"Anataka banda la kuku."

Paulina alikaa. Iliuma, tena iliuma vibaya, mahali ambapo hakujua kama bado pana kitu cha kuuma. Hakuwa analilia gari. Alijiona amezeeka akingoja, na sasa kile alichokuwa anakingojea kitajazwa pumba za mpunga na mavi ya kuku, dirisha lake la kuonea milima litatiwa wavu.

"Nipe mpaka hiyo Jumamosi," alisema.

"Ufanye nini? Wewe ni fundi?"

"Mimi ni muuguzi."

"Eh?"

"MUUGUZI!" akapaza sauti, akachukua kanga yake, akatoka.

Mudrick, fundi umeme wa magari, alikuwa na gereji ya mabati si mbali na hapo. Alikuwa Mrangi wa Busi, huko Kondoa, mtu wa maneno, na tangu Paulina alipompokelea mtoto wake wa kwanza walikuwa wakitaniana kila wakionana. Alipomwona anakuja aliinua mikono yote miwili.

"Shikamoo mama. Kama ni lile gari, mimi sipo."

"Marahaba. Mbona nakuona?"

"Unaona ovaroli. Mwenye nayo ameshakimbilia Kondoa kwa ajili ya gari lenu." Akamsogezea ndoo akalie. "Mama, nimelipima lile gari mpaka nimeliota. Alteneta inachaji safi. Betri ni mpya. Nimetafuta kama kuna kitu kinakula chaji wakati gari limezimwa, hakuna. Nimeweka taa ya kupimia, haijawaka hata kidogo. Gari ni zima."

"Zima kwa maana ya kupona, au zima kwa maana ya kuzimika?"

Mudrick akacheka. "Mchana limepona, asubuhi limezimika."

Paulina hakucheka. Kuna kitu kilikuwa kimemgusa kwenye maneno yale, akakishika kabla hakijapotea.

"Ulilipima saa ngapi?"

"Mchana. Zote nilizopima ni mchana."

"Na betri inalala saa ngapi?"

"Usiku huko."

"Mudrick mwanangu, mgonjwa anakuja analalamika kwamba homa inampanda kila jioni. Wewe unampima saa sita mchana, joto lake liko sawasawa, unamwambia nenda nyumbani, wewe mzima. Jioni anatetemeka. Kesho anarudi, unampima tena saa sita mchana. Nani hapo mgonjwa?"

Mudrick akaweka spana chini taratibu, akajifuta mikono.

"Kinakula jioni," alisema, kana kwamba anaongea peke yake. "Mchana nikienda kimeshaondoka mezani."

"Basi kesho njoo jioni. Tukikute mezani."

Ijumaa mchana betri ilichajiwa, kama kila ilipolala, na jua lilipoanza kulegea Mudrick alifika na mkoba wake. Paulina alimkalisha barazani, akampa chai na kumkataza asiliguse gari. Alitaka jioni iwe kama jioni zote. Mwenyewe hakuwahi kuona kwa macho mumewe anavyofanya humo ndani, kwa kuwa tangu aanze kushutumiwa habari za taa alikuwa amesusa kukanyaga mle. Alichojua ni kwamba kila jioni mzee hubeba ndoo moja ya maji, huimimina kwenye tangi, hujifungia na redio yake, huchemsha chai, huosha kikombe na miguu, hutoka. Alishindwa kusafiri na gari, basi alikuwa anasafiri uani.

Wakiwa wanangoja, Yotham akabisha hodi. "Mbukwenyi!" akasalimu kwa Kigogo, futi ya kupimia ikiwa mkononi. Alikuja kuona kama ngazi za kuku zitaenea. Nyuma yake akaingia Tereza, ambaye hakuwa na shida yoyote isipokuwa kwamba kulikuwa na watu na yeye hayupo.

Mlango wa gari ukafunguka, Mzee Filipo akashuka, miguu bado ina maji. Akawaangalia wote.

"Mmekuja kuzika?"

"Tumekuja kupima, mzee," Mudrick akajibu kwa sauti ya juu. "Umezima kila kitu?"

"Nimezima taa, nimezima redio, friji, jiko. Mimi si mtoto! Mwulizeni huyu ndiye anayeacha taa."

Paulina alijifunga kanga kiunoni, akasogea karibu na boksi la betri, akasimama hapo kama alivyokuwa akisimama leba.

Mudrick alifungua boksi, akalegeza waya wa hasi, akauchomoa. Kati ya waya ule na kichwa cha betri akapachika taa yake ya kupimia, balbu ndogo ya pikipiki yenye nyaya mbili. Akaeleza kwa wote, ili baadaye asilaumiwe: kama hakuna kinachokula, umeme hautembei na balbu itabaki giza. Ikiwaka, basi ndani ya gari kuna mlaji.

Alipogusisha tu, balbu ikawaka. Haikuwaka kwa aibu, iliwaka pwaa, hadi kidevu cha Yotham kikaonekana kina ndevu ambazo hazikunyolewa vizuri.

"Huyo!" Mudrick akapiga kelele. "Huyo, mama! Tumemkuta mezani!"

Moyo wa Paulina ulimdunda kwa furaha, furaha ya kukuta homa mahali ulipoidhania.

"Taa!" Mzee Filipo naye akapayuka. "Si nilisema? Ameacha taa!"

"Baba Abeli, mimi niko hapa nje na wewe ndiye uliyetoka ndani."

"Eh?"

"Ngoja," alisema Paulina. "Ngoja tu."

Mudrick akaingia ndani kwenye kisanduku cha fyuzi. Kazi ilikuwa rahisi: yeye atachomoa fyuzi moja moja na kutaja ni ya nini, Paulina nje ataangalia balbu. Ile ambayo ikichomolewa balbu inazimika, ndiyo inayomlisha mlaji.

"Taa za ndani!" sauti ya Mudrick ikatoka dirishani.

Balbu ilikuwa inang'aa vilevile. "Bado!" Paulina akajibu.

Akamgeukia mumewe. Alimwangalia tu, na Mzee Filipo akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

"Friji!"

"Bado!"

"Redio!"

"Bado!" Safari hii Tereza alijibu pamoja naye.

"Feni ya jikoni!"

"Bado!" Sasa walikuwa watatu. Yotham, ambaye kwa haki alitakiwa kuomba balbu isizimike mpaka kesho kutwa, alikuwa amejisahau, amechuchumaa, futi imeanguka vumbini, macho yamekodoka. Kitu gani tena kimebaki? Hata Mzee Filipo aliacha tairi akasogea.

"Hii hapa!" Mudrick akasema, na kabla hajaitaja, balbu ikazimika.

Hapa Kizota taa ikizimika watu husema "aaah!" kwa uchungu, halafu wanatafuta tochi. Jioni ile taa ilizimika na watu wakaruka. Yotham alimkumbatia Mudrick kupitia dirishani. Tereza alipiga vigelegele ambavyo alikuwa ameviweka kwa ajili ya harusi ya binti yake. Mpita njia mmoja akasimama getini kuuliza kama umeme umerudi, akaambiwa hapana, umezimika, akaenda zake anatikisa kichwa. Paulina alikuwa amefumbata mikono kifuani na machozi yanamtoka, na hakuona haya.

"Umetoa nini?" aliuliza.

"Fyuzi ya pampu ya maji!"

"Pampu?" Mzee Filipo alisema. "Pampu haina kazi sasa. Maji yameisha kwenye tangi."

Paulina akapanda gari. Ndani palikuwa pasafi, panashinda hata jikoni kwake, redio imefunikwa kitambaa. Akaenda moja kwa moja kwenye sinki, akaliangalia bomba. Mkono wa bomba ulikuwa umeinuliwa juu, uko wazi kabisa. Na chini yake, katikati ya sinki, palikuwa pamewekwa sufuria ndogo.

Alisimama pale na kila kitu kikamjia kwa mara moja.

Kwa mtu wa Kizota hapakuhitaji maelezo. Maji ya bomba mtaani kwao hayaji kila siku, na hakuna anayejua saa yatakayokuja. Kwa hiyo maji yakikatika hufungi bomba. Unaliacha wazi, unaweka ndoo chini, ili yakitoka usiku uyasikie yanagonga ndoo uamke kukinga. Paulina alifanya hivyo, Tereza alifanya hivyo, mtaa mzima ulikuwa unalala na mabomba wazi. Mikono yao ilikwisha kuzoea, haikuuliza tena kichwa. Na mkono wa Mzee Filipo, kila jioni maji ya ile ndoo moja yalipomwishia akiosha miguu, ulifanya kama mikono yote ya Kizota inavyofanya. Uliacha bomba wazi, ukaweka sufuria, mzee akatoka, akawa anangoja mgao ndani ya gari.

Na pampu masikini ya Mungu, yenyewe imefundishwa jambo moja tu: bomba likiwa wazi, vuta maji. Ikawa inavuta hewa usiku kucha mpaka betri inalala. Mtu mwenye masikio angeisikia ikinguruma chini ya kitanda kabla hajafunga mlango, lakini mtu huyo hakuwa Mzee Filipo, na juu ya hayo alikuwa ameiviringishia kipande cha godoro isije ikatikisika njiani. Asubuhi anakuja wa kwanza, anaona sufuria kavu, anafunga bomba. Mchana fundi anapima gari zima.

"Baba Abeli!" Paulina akaita. "Njoo."

Mzee akapanda. Wengine wakajazana mlangoni.

"Hili bomba umeliacha wazi kwa nini?"

"Si maji yamekatika."

"Yamekatika wapi?"

"Si bomba—" Mzee Filipo akaanza, halafu akajisikia. Mdomo wake ulibaki wazi kuliko lile bomba. Akaiangalia sufuria, akamwangalia mkewe, akaiangalia tena sufuria.

"Na ulitegemea wayafungulie saa ngapi?" Paulina aliuliza kwa upole. "Ili tuwe macho."

Tereza alianguka chini kwa kicheko. Ilibidi Yotham amshike asigonge kichwa kwenye ngazi, na yeye mwenyewe alikuwa hajiwezi. Paulina alijitahidi kukaza uso, ukamshinda, akacheka mpaka akakaa kitandani.

Mudrick peke yake ndiye aliyekuwa amerudi kazini. Alikuwa ameinamia boksi la betri, akavuta kitu.

"Mzee, hapa kuna betri mbili. Huu waya mnene unaoziunganisha nani kauweka?"

"Mimi," Mzee Filipo akasema, akifurahi kupata swali jingine. "Kwenye lori betri zote zinafanya kazi pamoja. Hizi nilizikuta kila moja iko kivyake. Nikaziunga zisaidiane."

"Zimesaidiana kweli. Zimesaidiana kulala." Akauonyesha waya juu. "Wazungu walitenga makusudi. Hii ni ya nyumba, hii ni ya injini. Ya nyumba hata ukiila ikaisha, ya injini inakubakizia ya kuwashia. Wewe umeziweka sahani moja." Akaukata, akautupa kwenye mkoba, akarudisha nyaya za awali kama zilivyokuwa, ili gari likitembea zichaji zote na likisimama kila moja ilinde chake.

Watu walipotulia, Mzee Filipo alimsogelea mkewe pale kitandani. Akasema kitu kwa sauti ndogo sana. Katika ndoa yao yote Paulina hakuwahi kuisikia sauti ile, hata hakujua kama anayo.

"Eh?" akauliza.

"Nimekusingizia," mzee akarudia, puani.

Paulina akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Watu wa siku hizi mnamung'unya maneno."

Mzee akamwangalia. Akaelewa anachodaiwa, na kwa haki yake lazima niseme hakukwepa. Akavuta pumzi.

"NIMEKUSINGIZIA, MAMA ABELI! TAA HUJAACHA! NI MIMI NA BOMBA!"

Ilisikika mpaka gereji za barabarani. Ng'ambo ya ukuta mtu akajibu, "Tumesikia, mzee!" Paulina aliipokea kauli ile yote, neno kwa neno, na ikamwingia vizuri.

Yotham aliokota futi yake, akaipangusa vumbi, akaikunja. "Kuku wangu watalala walikozoea," alisema. "Mniletee habari za hao twiga."

Betri zilikwenda kwa Mudrick kulala kwenye chaja, usingizi wa halali, na Jumamosi asubuhi zikarudi. Mtaa ulikuwa umejaa ukutani. Mzee Filipo aliketi kwenye usukani, akaushika ufunguo, halafu akauachia, akamwonyesha mkewe. Paulina akanyoosha mkono, akazungusha. Injini ikawaka hapo hapo, bila kubembelezwa, na moshi mweusi ukawafukuza washangiliaji waliosimama nyuma. Begi likatoka nyuma ya mlango.

Paulina alikaa kiti ambacho kwenye malori ya mumewe miaka yote kilikuwa cha utingo. Walipovuka Haneti mzee alipiga honi, bila gari wala mbuzi mbele yao, na Paulina akajua ni yake. Kuanzia hapo kila kilima kilikuwa kigeni kwake na kila kilima mumewe alikuwa na kisa chake, na kwa mara ya kwanza alivisikiliza visa vile akiviangalia.

Kolo walimchukua mwongoza wageni, wakapanda. Palikuwa pagumu kwa magoti ya wastaafu, lakini walipofika chini ya mwamba uliojitokeza kama baraza, wakawaona: twiga wekundu, na watu wembamba, warefu, wenye nywele kubwa, kama alivyosema. Mzee Filipo akageuka, akaiangalia barabara kule chini.

"Nimepita hapo chini miaka yote," alisema. "Nilikuwa nakusimulia kitu nisichokijua."

"Sasa unakijua," Paulina alisema. "Na mimi nimo."

Walilala huko huko, ndani ya gari lao. Asubuhi Paulina alifungua dirisha, akaona milima. Alikaa akiiangalia mpaka baridi ikamwingia, ndipo akanyoosha mkono kuwasha taa atafute sweta. Taa haikuwaka.

Akageuka taratibu kuelekea kwenye sinki. Jana usiku aliosha vyombo. Maji yalimwishia sahani ya mwisho ikiwa na sabuni. Na hilo hapo bomba, mkono juu, na sufuria ndogo chini yake, imewekwa vizuri kabisa, katikati. Pampu ilishakata roho zamani, na yeye aliyelala juu yake alikuwa amechoka na mlima kiasi cha kutosikia hata tetemeko.

Mzee Filipo alikuwa nje na mswaki mdomoni. Paulina alipita katikati ya viti, akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma mara moja. Pimbi waliokuwa wakiota jua juu ya jiwe wakatawanyika. Mzee akainua mswaki juu kama kombe.

"Haijalala!"

"Moja imelala!" Paulina akapiga kelele kushinda injini. "Niliacha bomba wazi! Mimi!"

Akangoja. Mzee alikuwa na haki ya kupayuka mpaka Kondoa mjini, na Paulina alikuwa tayari kuilipa haki hiyo. Lakini Mzee Filipo aliegemea mlango wa gari, akacheka mpaka povu la dawa likamwagika kwenye shati.

"Na wewe," alisema alipoweza, "ulitegemea wayafungulie saa ngapi?"

Walishuka polepole mpaka barabara ya lami. Kushoto ilikuwa Dodoma, na nyumbani, na ndoo za Kizota. Mzee akawasha taa ya kukata kushoto, kwa sababu ahadi ilikuwa Kolo, na ahadi ilikwisha kutimia.

"Huku kulia kuna nini?" Paulina aliuliza.

"Babati. Ukipita Babati, Arusha. Ukipita Arusha..."

"Injini ikitembea ile ya nyumba inachaji?"

"Inachaji."

Paulina akafunga mkanda, akajiweka sawa kwenye kiti cha utingo.

"Kata kulia, dereva."

Mzee Filipo alizima taa ya kushoto, akawasha ya kulia, akakata.